Kabla Hujauimba Wimbo wa Taa Mbili

Mwanangu Machibya,

Habari za nauli, za kuangalia mizigo treni ikisimama Tabora, na za yule kuku aliyekaangwa tangu asubuhi, mama yako amekwisha kukupa. Sitazirudia. Mimi nina jambo moja, na ninaliandika kwa sababu jana nilitaka kulisema kwa mdomo nikashindwa.

Umekwenda mjini kuwaaga wenzako. Nimemwomba mama yako afungue dirisha na aniwekee ungo mapajani, niandikie juu yake. Mkono unatetemeka. Ukiona herufi zimelala usinicheke, ingawa una haki ya kucheka, maana nilikuchapa sana kwa ajili ya mwandiko. Kesho unakwenda Dar es Salaam kurekodi kaseti yako ya tatu, na ukirudi nayo utakuja kunipigia kaburini. Hilo tunalijua wote humu ndani, tunalizunguka tu, kama watu wanavyozunguka mdomo wa shimo. Kwa hiyo nisiposema leo, sitasema tena.

Kaseti yako ya majaribio nimeisikiliza wiki hii yote. Ulipokuwa unatoka, mama yako alikuwa akianika betri juani, zikipata nguvu kidogo ananiwekea redio kitandani. Ulidhani nimelala.

Nianze na hayo, fundi kwa fundi. Kaseti yako ya kwanza ilikuwa ya kijana aliyevaa jaketi la baridi katika jua la Shinyanga. Hata kikohozi ulikohoa cha Mmarekani. Ya pili ilikuwa ya Kiswahili, namshukuru Mungu, lakini jina lako la jukwaani lilikaa katika kila mstari: Kifusi hivi, Kifusi vile, nani kama Kifusi. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana sauti, ila bado hajaona kwamba uwanjani kuna watu wengine. Hii ya tatu ilinifanya niombe mto ili niketi.

Ule wimbo wa duara, shimo la dhahabu la Nyarugusu. Zamani ungejiweka mwenyewe chini ya shimo, shujaa unayechimba dhahabu kwa meno. Safari hii umejiweka juu, umekuwa mtu anayeshika kamba tu. Unatania na wenzako, unaulizia chai, unamcheka yule anayeogopa panya, halafu kamba inalegea mkononi na biti inakatika. Hukusema wamefukiwa. Hukusema chochote. Umeacha kimya mpaka nikasikia kaseti yenyewe inavyozunguka. Kisha ukarudi kwa sauti ndogo ukauliza ni zamu ya nani kwenda kuwaambia kwao. Mwanangu, wako watu wameimba maisha yao yote na hawakujua pa kunyamaza.

Na ule wa wanawake wanaoponda mawe. Umetupa ile midundo ya kuazima, ukachukua mlio wa vinu vyao vya chuma, na kiitikio ukawaachia wenyewe, kwa Kisukuma chao, mmoja wao hata amekosea na hukumkata. Mwimbaji mchanga hawezi kumwachia mtu kiitikio. Anaogopa watu watamsahau. Nasikia vijana wa jukwaani wanakuita Mzee Kifusi kwa utani. Wanasema kweli bila kujua. Umekua.

Utajiuliza, baba yako, mwalimu aliyekuvunjia kaseti mbele ya wenzako, ameyajulia wapi haya. Katika kaseti hii uko wimbo unaonitaja. Unasema ulizaliwa na mwalimu asiyewahi kuimba hata kumbembeleza mtoto. Mstari mzuri, na watu wataupenda. Lakini si kweli, na kosa si lako, maana ndivyo nilivyokulea uamini.

Mimi nilikuwa manju.

Sikuwa mtu wa pembeni anayebeba ngoma za wenzake. Nilikuwa natangulia mbele ya wachezaji wangu, upande wa Wagalu, na nyimbo nilizitunga mwenyewe, nyingine nikiwa nasimamia mtihani. Mama yako alinioa, kama anavyopenda kusema mwenyewe, kwa sababu ya sauti. Muulize. Nilimfunga mdomo miaka yote hii, na leo nimemfungua.

Unazijua mbina, ngoma zetu za mashindano, lakini umezikuta zimepoa. Enzi zile, pamba ikishauzwa, vyama viwili vya ngoma, Wagalu na Wagika, vilikutana uwanja mmoja, maduara mawili yamepakana. Hapakuwa na mwamuzi wala kikombe. Watu wenyewe ndio waliamua, kwa miguu. Ukiimba vizuri wanakuja kwako. Ukichosha wanavuka kwenda kwa mwenzako, na wewe unaendelea kuimba huku unaona migongo yao. Hakuna kitu kibaya kwa manju kama migongo. Basi kila manju alitafuta namna ya kuwarudisha. Wengine walivaa chatu shingoni, wengine walikwenda kwa waganga kutafuta dawa ya kuvuta watu, na wote, bila kumwacha hata mmoja, tulitukanana. Kumtukana manju mwenzako ilikuwa sehemu ya mbina, kama chumvi katika mboga. Mkishamaliza mnakunywa pombe pamoja.

Mpinzani wangu alikuwa Nkwabi. Hujawahi kulisikia jina hilo ndani ya nyumba hii. Nilisoma naye shule ya kati kule upande wa Kishapu. Kwetu kulikuwa mbali, kwa hiyo nililala kwao miaka yote ya shule, mimi na yeye ngozi moja ya ng'ombe, blanketi moja. Mama yake, tuliyemwita Mayu Nkwabi, yaani Mama Nkwabi, ndiye aliyenilisha. Nchi ile haina miti. Alipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka na mabua ya pamba, katika kibanda kisicho na dirisha, na moshi wake ungemfukuza hata nyoka. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima, yanatoa machozi. Yeye mwenyewe alifanya utani nayo. Tukiingia kutoka shule anatwambia, "Msidhani naumwa. Nawalilia ninyi, mlivyo na njaa mtamaliza ugali wote."

Kama si moshi ule, mimi nisingekuwa mwalimu. Ulijue hilo kabla sijaendelea.

Miaka ikapita. Mimi nikafundisha, Nkwabi akalima pamba, na wote wawili tukawa manju, yeye Wagika, mimi Wagalu. Tulipambana mara nyingi na tulicheka mara nyingi. Mwaka ninaousema, uwanja ulijaa kuliko nilivyopata kuuona, na Nkwabi alikuwa katika ubora wake. Siku ya mwisho alinigeukia, akainua usinga wake, akaimba kwamba mwalimu anacheza kama anaandika ubaoni, mkono mmoja unatembea na makalio yamekaa kitini. Akaniigiza. Hata wachezaji wangu walicheka. Mimi mwenyewe nilitaka kucheka. Kisha nikaona watu wanavuka. Wazee, wasichana, watoto niliowafundisha, wanavuka. Migongo.

Hapo nikaimba. Niliyoimba kwa Kisukuma sitayaandika kama yalivyo, yanatosha haya kwa Kiswahili:

Mnamsifu Nkwabi anavyovuta watu,
ulizeni moshi wa kwa mama yake.
Macho mekundu yanakesha jikoni,
kinachochemka mle si mboga peke yake.

Nilikuwa nimesoma, Machibya. Nilikuwa nafundisha watoto habari za moshi na magonjwa ya macho. Katika uwanja ule wote, ambako macho mekundu ya mama mzee yaliitwa uchawi, mtu aliyejua kuliko wengine kwa nini macho yale yalikuwa mekundu alikuwa mimi. Na kwa sababu nilijua, niliona kwamba mstari utashika. Watu waliokuwa wanavuka walisimama. Mmoja akapiga kelele, "Rudia!" Nikarudia. Wakaanza kurudi, kwanza wakitembea, halafu wakikimbia, na ule wimbo ukawa mdomoni mwao kabla mimi sijamaliza kuutunga.

Jioni Nkwabi alinijia. Hakuwa amekunywa. "Nkoi," akasema, "rafiki yangu, leo umesema nini?"

Nikamjibu, "Ah, nkoi, ni mbina tu. Ni mchezo."

Akaniangalia, akaondoka bila kunipa mkono.

Kwanza watu waliacha kwenda kuomba moto kwa Mayu Nkwabi. Ndivyo inavyoanza, kwa jambo dogo hivyo: mtu anapita mlango wa karibu, anakwenda kuomba moto wa mbali. Halafu mvua zikaja na homa, mtoto wa jirani akafa. Halafu wakaja watu usiku wakiwa na mapanga.

Habari ilinikuta shuleni. Nilikwenda mazishini kwa sababu kutokwenda kwangu kungeonekana. Nkwabi alikuwa amekaa chini, nikachuchumaa mbele yake nitoe pole. Akasema polepole, kama anayenipa salamu za mtu, "Waliingia wakiimba."

Nikauliza, Mungu anisamehe, "Wakiimba nini?"

"Wimbo ni wako. Unaniuliza mimi?"

Akachukua jembe lililokuwa pembeni yake, akaniwekea mkononi. "Umekula kwake. Nenda kachimbe."

Nikachimba. Watu walidhani ni heshima, mtoto wa kulelewa anamchimbia mama. Kisha katekista akauliza marehemu aitwe jina gani katika sala, na mtu wa ukoo akajibu, Minza. Machibya, nilishika jembe nikasimama. Miaka yote niliyokula ugali wa yule mama, nilimwita Mayu Nkwabi, kama kila mtu. Sikuwahi kujua kwamba alikuwa na jina lake. Nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa ndani ya kaburi lake.

Nkwabi alihama, nikasikia yuko machimbo ya Geita, halafu sikusikia tena. Mimi mavazi yangu ya mbina niliyachoma. Watu walipouliza, nilisema mkuu wa shule amekataza walimu kucheza ngoma. Hakuna mkuu wa shule aliyenikataza kitu. Alikuwa mpenzi wa mbina kuliko mimi.

Sasa urudi kwenye siku ile, ukiwa kidato cha pili, nilipokukuta nyuma ya bweni unafokafoka na wenzako wamekuzunguka. Ulikuwa unamwimba yule mwenzenu mwenye kigugumizi. Walikuwa wanacheka, na waliokuwa mbali walikuwa wanasogea. Nilikuchapa mpaka mwalimu mwenzangu akanishika mkono, nikakanyaga kaseti yako, nikasema muziki wa kufokafoka ni wa wahuni. Umebeba neno hilo mpaka leo, umelitungia nyimbo mbili. Wala sikuwa na ugomvi na muziki wako. Niliona watu wanasogea, niliona umerithi. Ningeweza kukaa nawe chini nikueleze, lakini nikachukua fimbo, kwa sababu fimbo haiulizwi maswali.

Haya. Taa Mbili.

Ndio wimbo unaochekesha kuliko zote katika kaseti, na ninasema hivyo nikiwa najua kazi hii. Yule rapa mwenzako, Chatu wa Kahama, amekuchokoza miaka mingi, amesema umezeeka, amesema rapa wa Shinyanga akishika kipaza sauti anatafuta kwanza miwani. Ni haki yako kumjibu. Na umemjibu:

Kwenu hamnunui mafuta ya taa,
mama'ko akikodoa, nyumba nzima yang'aa.

Nilicheka. Nataka ujue hilo. Nililala hapa na kifua changu hiki nikacheka, kisha nikazima redio.

Juzi ulitusimulia jinsi watu wa Geita walivyokurudisha jukwaani uuimbe tena. Ukasema pia, huku unamenya kiazi, kwamba siku hizi yule mama wa Chatu, anayekaanga samaki kule karibu na Buzwagi, hauzi kama zamani, vijana wanapita wanamwashia tochi mchana. Wewe ukaendelea na kiazi. Mimi nilisikia watu wanapita mlango wa karibu kwenda kuomba moto wa mbali.

Ndipo jana nikakuita. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote haya. Nikasema, "Ule wimbo wa taa, uuache."

Ukasema, "Baba, ule ndio utauza kaseti. Mwenye studio mwenyewe amesema tuanze na ule."

"Yule ni mama wa mtu."

"Ni mchezo tu, Baba. Hata Chatu mwenyewe anajua ni mchezo. Kesho kutwa tukikutana tunakunywa soda." Kisha ukanivuta shuka miguuni, ukacheka kidogo. "Nyie walimu bwana. Mnataka hata matusi yawe na sahihisho."

Nilifungua mdomo, nikakohoa. Na kikohozi kilipoisha nikajidai nimechoka. Sikuwa nimechoka. Uliniangalia vile ulivyokuwa ukiniangalia zamani, mtu anayeangalia fimbo ikiwekwa chini.

Leo mchana watoto wa jirani walipita hapa dirishani na ndoo zao za maji. Walikuwa wanauimba. Hawana hata redio kwao. Yule mdogo kabisa alikosea maneno, dada yake akamsahihisha, wakarudia pamoja mpaka wakafika kisimani. Huo ni wimbo ambao bado haujarekodiwa studioni. Ukitoka Dar es Salaam ukiwa katika kaseti, utafika Buzwagi kabla yako, na utaingia mahali ambapo wewe hutakuwepo kusema ni mchezo.

Nikuungamie na la leo pia. Ulipotoka, redio ilikuwa hapa kitandani na kaseti ndani yake, na ninajua huna nakala nyingine. Niliisogeza mpaka mwanzo wa Taa Mbili. Kufuta ni vitufe viwili tu kwa pamoja, na mikono yangu, pamoja na kutetemeka huku, inaweza kubonyeza. Nilivigusa. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji, ananitazama. Nikaona kiatu changu juu ya kaseti yako ya shule. Nikaona nitakufa nikiwa nimekufanyia jambo lilelile mara mbili, kukuzuia bila kukueleza. Nikaondoa vidole. Wimbo wako upo, mzima, sikugusa hata neno.

Kwa hiyo uamuzi ni wako. Ukiuimba, mimi sitakuwepo kukulaumu, na maonyo ya baba aliyekufa ni rahisi kuyasahau jukwaani watu wanapoita rudia. Nakuomba hili moja. Kabla hujasogelea kipaza sauti, ulijue jina la yule mama. Si Mama Chatu, na hilo la Chatu lenyewe ni la jukwaani tu. Jina alilopewa kwao siku aliyozaliwa. Muulize mwanawe, mnakunywa soda pamoja, atakwambia. Ulitaje kwa sauti, uko peke yako, halafu uimbe mstari wako kama bado utakuwa na hamu nao.

Na kama utauacha, najua utabaki na pengo katika kaseti, na mwenye studio atanuna. Fundi hamwambii fundi atoe kitu bila kufikiri kitawekwa nini mahali pake.

Upande wa pili, baada ya wimbo wako wa mwisho, kulikuwa na utepe mtupu. Nimeimba pale. Mama yako alishika redio karibu na mdomo wangu. Ni wimbo niliomtungia Minza mwaka uleule, nikirudi kutoka kumchimbia, na sijawahi kuuimba mbele ya mtu. Sauti ni mbovu. Katikati nimekohoa, na utasikia kuku ameingia ndani na mama yako anamfukuza kwa mguu. Nimemwita Minza kwa jina lake, mara nyingi kadiri pumzi ilivyoruhusu.

Kiitikio sikukiimba. Manju haitikii wimbo wake mwenyewe, na siku zile sikuwa na uso wa kumwomba mtu aniitikie. Ukisikiliza utakuta naita, halafu pako kimya. Usidhani betri zimekwisha. Hapo nimekuachia nafasi.

Baba yako